Jinsi ya kugeuza uwanja wa nyumba uliojaa magugu kuwa gadeni, kipande kwa kipande, mwenyewe (Mtwara na Lindi)

Maswali yanayokuja kila mwaka ni yale yale jamani: nianzie wapi, nipande nyasi gani, ndago nifanyeje, na lile kubwa kuliko yote, kwa nini nilifyeka uwanja mzima mwezi wa kumi na ilipofika Januari majani yamerudi yananifika kiunoni. Naandika yote hapa sehemu moja ili mtu akiuliza tena asome taratibu na aanze kazi.

Naanza na hilo la mwisho maana ndio limebeba kila kitu kinachofuata. Usifyeke sehemu ambayo huwezi kuifunika msimu huo huo, kwa mimea na kwa matandazo (majani makavu yanayolazwa juu ya udongo). Ardhi ya huku kwetu sehemu kubwa ni kichanga, na kiwanja kilichokaa miaka bila kuguswa mchanga wake umejaa mbegu za magugu, sasa ukiufyeka ukauacha uchi mvua ya kwanza tu inaziamsha zote kwa pamoja. Najua pesa ya korosho ikiingia mtu anatamani aite vijana wanne wamalize uwanja wote kwa siku mbili, uonekane mweupe, apige na picha. Hiyo pesa inakwenda na mvua. Chukua kipande cha mita 4 kwa 5, kimalize mpaka kiwe kimefunikwa, ndio uhamie kingine. Nyumba ya kawaida unaimaliza kwa misimu miwili mitatu na hairudi nyuma.

Kabla ya kuanza tafuta hivi

Panga na fyekeo, jembe, sepetu, reki, na kama uko sehemu yenye mawe sululu au mtaimbo. Buti za mvua na glovu ngumu, hizi usizifanye za hiari, ntaeleza mbele. Ndoo ya lita 20, toroli (hili la kuazima linatosha), kamba ya manila na mambo (vigingi) ya miti ya kupigia mipaka, tepu ya kupimia. Anza kukusanya maboksi makavu dukani mapema kwa sababu yanahitajika mengi kuliko unavyofikiri, na uongee na mtu mwenye mbuzi au kuku kuhusu samadi. Viroba vitupu pia vinasaidia kubebea majani makavu. Vitu vya kununua kwa kweli ni vichache, usikimbilie dukani.

Muda

Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba mwishoni au Desemba unaishia Aprili, saa nyingine Mei. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wanatoa utabiri wa mvua za msimu, Novemba mpaka Aprili, kabla hazijaanza, usikilize. Juni mpaka Septemba fanya kazi za kuchora, kufyeka, mitaro, njia na mboji. Oktoba na Novemba mashimo na kupambana na ndago. Kupanda ni mvua ikishatulia, yaani udongo ukichimba kiganja kizima chini uwe na unyevu. Mvua moja ya kupita isikudanganye.

Hatua ya 1: Angalia kwanza, usiguse kitu

Chukua karatasi uchore nyumba ilipo, mlango, choo, shimo la maji machafu, miti iliyopo, na njia watu wanayopita kweli kweli, sio ile unayotaka wapite. Tafuta bikoni zote za kiwanja (mawe ya mpaka) na uziwekee alama, maana watu wanazing'oa wakati wa kusafisha halafu inakuwa kesi na jirani. Angalia bomba la maji linapita wapi, na waya wa umeme uko juu ya sehemu gani, chini ya waya hapapandwi mti mrefu hata kama kivuli unakitaka vipi.

Halafu simama ukutani chini ya bati uangalie ardhi. Utaona mfereji mwembamba umechimbwa na matone, mchanga umetoka umebaki vijiwe na vipande vya chupa, na sehemu moja, mara nyingi kwenye kona, mfereji unakuwa mpana na ukuta una madoa ya tope mpaka dirishani. Hapo ndio maji yote ya bati yanaposhukia. Hiyo kona iwekee alama kwenye karatasi kabla hujachagua kipande cha kwanza, kwa sababu ukipanda maua mazuri bila kuyapeleka maji yale mahali pengine, maua yatafukuliwa yote.

Na upepo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma kuanzia Mei mpaka Septemba huko, ukiwa karibu na bahari inakuja na chumvi, majani laini yanaungua pembeni. Upande huo wa kiwanja uache kwa mimea migumu.

Hatua ya 2: Chagua kipande cha kwanza

Ushauri wangu kianze mlangoni, kile unachokiona ukitoka asubuhi na mgeni anachokiona akiingia. Watu wengi wanaanzia nyuma kwenye kichaka kikubwa kabisa, wanachoka wiki ya pili wanaacha. Piga mambo kona nne, vuta kamba, na ujizuie kutoka nje ya kamba. Sehemu zilizobaki kazi yake ni moja tu, zifyeke juu kila zikikaribia kutoa maua ili zisimwage mbegu, mizizi iache ishike udongo.

Hatua ya 3: Fyeka kwa usalama

Hapa ndio buti na glovu. Kwenye majani marefu kuna nyoka, nge, tandu, na kwenye viwanja vya mjini kuna misumari na chupa. Gonga gonga na fimbo ndefu kwanza, subiri kidogo, fyeka ukitokea upande wa nyumba kwenda nje ili walioko ndani wakimbilie nje wasikimbilie mlangoni kwako. Usiingize mkono kwenye rundo la matofali au makuti ya zamani, geuza kwa reki.

Ukiona upupu ushughulikie kabisa kabla maganda hayajakauka, ukate ungali kijani. Ukishakauka zile nywele zinapeperuka na upepo na mtaa mzima unajikuna. Kama umeshachelewa, ulowanishe kwa maji, fanya asubuhi pasipo na upepo, vaa mikono mirefu, na hizo nguo zifuliwe peke yake.

Mnyaa pia, ukikata ua wa mnyaa ule utomvu mweupe ukiruka jichoni ni hatari kubwa. Miwani au angalau geuza uso, na watoto wasiwe karibu.

Usichome moto. Najua ndio desturi, mtu anafyeka Agosti anakusanya anawasha, lakini Agosti kusi linavuma na jirani ana banda la makuti. Mbali na hilo unachoma chakula cha udongo wako. Majani yasiyo na mbegu yakusanye pembeni, tutayatumia hatua ya 6.

Hatua ya 4: Magugu sugu

Hii ndio inayowashinda watu kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Ndago. Ukiivuta kwa mkono unasikia kitu kinakatika chini kwa ulaini, jani linakuja, unadhani umemaliza. Chimbua sasa na sepetu taratibu uangalie. Chini ya jani kuna kikokwa cheusi kidogo, kutoka hapo kuna uzi mwembamba mgumu, unaufuata unakuta kikokwa kingine, uzi tena, kingine. Vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu ila vingine vinashuka mpaka 30. Ukipiga jembe ovyo unakata zile nyuzi, na kila kikokwa kilichokuwa kimelala kinaamka kivyake, ndio maana mtu analima ndago inazidi.

Fanya hivi: Oktoba udongo ukiwa mkavu, chimbua kipande chote kina cha sepetu, pekua kwa mkono na reki, toa vikokwa vyote unavyoviona uvianike juu ya bati au sakafuni juani mpaka vikauke kabisa. Usivitupe kwenye mboji. Vitakavyobaki vitaota mvua ikianza, na hivyo ving'oe vikiwa na majani machache tu, kabla havijatengeneza vikokwa vipya, kila wiki bila kuruka. Halafu ndago haipendi kivuli, hilo ndilo udhaifu wake, kwa hiyo kwenye kipande chenye ndago panda kwanza matembele au kunde zitambae zifunike msimu mzima, unakula mboga huku inadhoofika. Maboksi peke yake hayaiwezi, ncha yake inatoboa.

Mbigili, ile yenye ua dogo la njano na miiba inayotoboa kandambili. Mzizi wake ni mmoja tu katikati, ukate chini ya shingo kabla haijaweka miiba, rahisi. Ikishaweka miiba fagia sehemu hiyo kwa kuburuta kiroba cha zamani juu yake, miiba mingi inanasa.

Kishona nguo na majani mengine ya msimu hayana shida, yafyeke kabla ya mbegu na uyazimishe kwa matandazo.

Dawa ya magugu wengi wanauliza. Ile inayoua mizizi inafanya kazi, lakini haichagui, ikipeperuka inaua na mpapai wako, na kwenye uwanja wenye watoto na kuku mimi siipendekezi. Ukiamua kutumia fuata lebo neno kwa neno, vaa glovu na buti na kitu cha kufunika mdomo, usipige siku ya upepo, na ongea kwanza na afisa ugani wa kata yako.

Hatua ya 5: Peleka maji mahali

Kabla ya kupanda chochote tengeneza njia ya maji ya bati. Ardhi ishuke kutoka ukutani kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita inatosha. Kupima tumia ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mafundi ujenzi wanapimia levo, muombe fundi yeyote. Chimba mtaro wa upana wa jembe, tandaza kokoto au vipande vya tofali, upeleke kwenye shimo la kunyonya lenye kina cha mita moja lililojazwa mawe, mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi. Kichanga kinanyonya haraka, ni bahati yetu. Ila ukiwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama sehemu za Mikindani, shimo halichimbiki, hapo elekeza maji juu juu na mimea uipande kwenye matuta yaliyoinuliwa kwa mawe.

Hii kazi usiipunje. Mvua za wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilionyesha maji yanaweza kufanya nini huku kusini, na msingi wa nyumba ni ghali kuliko gadeni lolote.

Hatua ya 6: Lisha mchanga

Kichanga hakishiki maji wala mbolea, kwa hiyo chakula kitie wewe. Rundika mboji mita moja kwa mita moja kwa mita moja: majani makavu, majani mabichi uliyofyeka, samadi, maji kidogo, rudia. Igeuze kila wiki mbili tatu. Ikikamatwa mkononi iwe na unyevu ila isitiririke. Mabibo ya korosho yanaingia vizuri sana lakini yachanganye na majani makavu mengi, ukiyaweka peke yake yanachacha na kuleta inzi.

Maganda ya korosho HAPANA. Yale magumu yana mafuta yanayounguza ngozi, usiyatandaze kwenye maua na usiyachome, moshi wake unawasha macho na kifua.

Samadi mbichi nayo inaunguza mimea, hasa ya kuku. Irundike mpaka ipoe na iache kunuka. Ikiwa tayari changanya ndoo moja kwa kila mita ya mraba, ichanganyike na udongo kina cha jembe.

Hatua ya 7: Njia na mipaka

Njia ipite pale watu wanapokanyaga tayari. Upana mita moja, watu wawili wapishane na toroli lipite. Chimba sentimita 10, tandaza maboksi mazito mawili mawili yakipandana, juu weka kokoto au vipande vya tofali, pembeni mawe au tofali zilizosimamishwa. Usichukue mchanga wala matumbawe ya ufukweni, hairuhusiwi, na huo mchanga una chumvi inayoua mimea.

Hatua ya 8: Panda na ufunike siku hiyo hiyo

Miti kwanza. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu weka kulia wa chini weka kushoto, changanya wa juu na ndoo moja ya samadi iliyoiva, uurudishe kwanza chini. Mwembe uwe mita 10 kutoka kwa mti mwingine na mbali na nyumba, mlimao mita 4 au 5, mpapai mita 2. Mnazi usiuweke juu ya njia wala juu ya sehemu ya kupaki pikipiki, nazi haina taarifa. Mkungu ni mzuri kwa kivuli ila usiwe jirani na chemba ya choo, mizizi inatafuta maji.

Kwa maua, upande wa kusi weka bogonvilia, vinka, alovera. Karibu na dirisha la chumba asumini, na mlangilangi kama una nafasi, jioni harufu inaingia ndani yenyewe. Mrehani na mchaichai karibu na jiko. Nje ya ua mchongoma ukikatwa vizuri ni fensi na hakuna mbuzi anayepita. Usinunue mche kitaluni kwa kuangalia maua, geuza mfuko uangalie chini, mizizi ikishajizungusha imetoka nje mche umekaa sana.

Sasa kufunika, hapa ndio wengi wanadanganya. Maboksi yaliyoloweshwa chini, matandazo juu unene wa sentimita 7 hivi, majani makavu au pumba za mpunga au makuti yaliyokatwakatwa. Kipande cha mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20, ukipiga hesabu ni kama ndoo 70 za lita 20. Ndio, sabini. Kama huna hizo bado usifungue kipande, kusanya kwanza. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze, na matandazo yasiguse ukuta wa nyumba maana mchwa wanapanda humo humo.

Hatua ya 9: Nyasi, kama unazitaka

Nyasi ziweke sehemu ya kukaa na watoto kucheza tu, zinakula maji. Juani panapokanyagwa sana ukoka. Chini ya kivuli cha mwembe na karibu na bahari nyasi za Pemba, zile za jani pana. Maji yako ya kisima yana chumvi? Paspalamu inavumilia. Usinunue kwa kutandika kama zulia, omba vipande kwa mtu, vigawe vyenye mzizi, panda kila sentimita 20. Kwa mita za mraba 20 ni vipande 500. Panda mwanzo wa mvua, ukanyage kwa mguu ushike, na magugu ya katikati uyang'oe mpaka zikutane, miezi miwili mitatu. Kata juu juu, usinyoe mpaka kwenye udongo.

Ikigoma

*Miche inanyauka Januari mwishoni wakati mvua ilikuwa nzuri.* Huku kwetu katikati ya msimu jua linakatiza, wiki mbili saa nyingine zaidi. Mwagilia jioni ndoo nusu kwa mche kila siku ya pili, maji mengi mara chache ni bora kuliko kikombe kila siku kinachobaki juu. Maji ya kufulia yanafaa kama hayana jiki.

*Majani ya njano mmea mzima.* Kwenye kichanga mara nyingi ni njaa, mvua imeshusha mbolea chini. Ongeza mboji juu ya udongo, usichimbe mizizi.

*Pembe za majani zimekauka kahawia.* Chumvi ya upepo au ya kisima. Suuza majani kwa maji baridi ya mvua uliyokinga, na kama inarudi hamisha huo mmea nyuma ya nyumba. Pipa la kukingia lifunikwe, mbu.

*Kuku wanafukua matandazo.* Zungushia kila mche mawe matatu manne makubwa mpaka ushike, na kwa vitalu vidogo fito zilizolazwa juu. Mbuzi wa mtaani dawa ni miiba ya mchongoma iliyokatwa, ukiizungushia mche wenyewe wanauacha.

*Mchwa wamekula mche.* Mara nyingi wanafuata mti mkavu uliofukiwa. Toa visiki na mbao zilizozikwa kabla ya kupanda, na mwagilia, mche wenye kiu ndio wanaoushambulia kwanza.

*Magugu ya jirani yanaingia.* Ongea naye vizuri kwanza, wengine wanakuachia ufyeke mita moja upande wao. Mpakani upande wako panda mchaichai mstari mmoja, sentimita 40 kutoka shina hadi shina. Ukishafungana ukoka na sangari zinashindwa kupenya kirahisi, na kila ukiupunguza majani mengine ya chai, mengine unayatandaza kwenye kipande kinachofuata.